/24 yetu wenyewe hapa Arua: tunaitwika dunia mzigo?

MamaMnara_Arua · Jumanne, saa 2:14 usiku

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni fundi wa kampuni ndogo ya intaneti hapa Arua. Tuko wafanyakazi saba, tuna minara minne na wateja kama 640: nyumba za watu, maduka, shule tatu za bweni, kliniki mbili, SACCO moja na mashirika mawili yanayohudumia wakimbizi upande wa Rhino Camp. Intaneti tunainunua Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa, na inatufikia kwa faiba inayofuata barabara ya Karuma na Pakwach.

Hatuna anwani ya IP (namba inayotambulisha mashine kwenye intaneti) hata moja iliyo yetu. Anayetuuzia intaneti ametuazima 32, na wateja wote 640 wanatokea dunia ya nje kupitia hizo hizo. Kwa wengi ni jambo la kawaida, lakini kwangu limekuwa donda. Kompyuta ya mteja mmoja ikishikwa na virusi na kuanza kurusha barua taka usiku, anwani inaingia kwenye orodha ya wakorofi, na kila aliye nyuma yake anaadhibiwa pamoja naye. Mwezi wa pili mwalimu mkuu wa shule moja alikuja ofisini mwenyewe, kashika daftari lenye majina ya watahiniwa 112. Tovuti ya usajili ilikuwa inamtaka athibitishe kwamba yeye ni binadamu. Anathibitisha, inamuuliza tena, mwisho ikamfungia kabisa. Nilikaa naye tukawasajili kwa bando la simu yangu mpaka saa saba usiku. Mama yule hakuwa na kosa lolote.

La pili ni la miaka miwili iliyopita. Tulihama kutoka kwa muuzaji mmoja kwenda kwa mwingine, na yule wa kwanza akatupa siku 14 turudishe anwani zake. Kila kilichokuwa na anwani ya kudumu kikabidi kibadilishwe kwa mkono: kamera za SACCO, laini ya kliniki kwenda makao makuu yao, ruta za yale mashirika mawili. Siku 11 nilikuwa juu ya boda, kompyuta mgongoni, nagonga mlango mmoja baada ya mwingine.

Sasa bosi anataka tuombe namba yetu ya AS (inayotutambulisha kama mtandao unaojitegemea) na kitalu cha /24, yaani anwani 256 zinazofuatana, kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, kisha tununue laini ya pili kwa kampuni nyingine, ili greda likikata faiba ya huyu tubaki hewani kwa yule. Nimefurahi sana. Lakini katika kusoma nimekutana na jambo linalonisumbua. Kila kitalu kinachotangazwa kivyake lazima kikumbukwe na ruta kubwa za dunia nzima, na jedwali lao la njia sasa lina karibu mistari milioni moja kwa IPv4, aina ya zamani ya anwani, peke yake. Yaani ruta iliyoko São Paulo ibebe mstari wa minara yetu minne mchana na usiku, na huenda huko hakuna mtu atakayewahi kututafuta. Ni sawa hivyo? Kwa nini ruta zisijue tu kwamba "hawa ni wa Uganda" na kurusha data huku? Na la mwisho: ruta yetu ya MikroTik yenye RAM ya GB 1 itaweza kubeba mistari milioni?

---

Mpakani_Busia · Jumanne, saa 2:51 usiku

Dada, omba. Tena ukiweza omba /22, iliyo kubwa mara nne, si /24. Ukiipata, ikate vipande vinne vya /24 na uvitangaze vyote, kimoja kimoja. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya, na hakuna askari wa BGP (lugha ambayo ruta hupeana njia) atakayekuja kukukamata. Sisi tulikaa miaka sita na anwani za kuazima na kila mwaka muuzaji anapandisha bei, kwa sababu anajua kuhama ni mateso. Siku tuliyopata za kwetu, mazungumzo ya bei yalichukua nusu saa. Wa São Paulo wana ruta za mamilioni ya dola. Wewe una watoto wa shule wa kuwahudumia.

---

MzeeWaRuta · Jumanne, saa 4:30 usiku

Marahaba, binti yangu. Swali lako la São Paulo ni zuri, na sitaki lizikwe chini ya "omba tu". Nimo katika kazi hii Kampala tangu 1999, enzi ambazo barua pepe kati ya ofisi mbili za barabara moja ilipanda setilaiti, ikafika ng'ambo, ndipo ikarudi. Hiyo ndiyo sababu watoa huduma walikaa pamoja mwaka 2001 na UIXP, kituo cha kubadilishana trafiki humu humu Uganda, ikazaliwa.

Anza na namba za simu. Ukiona 077 au 078 unajua ni MTN, ukiona 070 au 075 unajua ni Airtel. Mtambo wa simu hauna haja ya kumkumbuka kila Mganda. Unakumbuka vichwa vichache vya namba, basi. Sasa chukulia kila mtu ameruhusiwa kuhama mtandao na namba yake. Kichwa cha namba hakisemi tena kitu, na mtambo lazima uwakumbuke wahamaji mmoja mmoja. Unapoomba anwani zako mwenyewe ili uzitangaze kwa wauzaji wawili, unakuwa mhamaji wa namna hiyo. Huwezi kufichwa chini ya kitalu cha muuzaji yeyote. Lazima uwe na mstari wako.

Kuhusu "hawa ni wa Uganda": ruta haijui nchi. Inajua nani kaungana na nani. Vitalu vya AFRINIC vinatoka kwenye anwani zinazoanza na 41, 102, 105, 154, 196 na 197, na humo Mganda, Mnigeria na Mmisri wamekaa wamechanganyika kama abiria wa Old Taxi Park. Hata tungekuwa tumepangwa pamoja, kampuni moja inaifikia bahari kupitia Mombasa na nyingine kupitia Dar es Salaam. Uganda haina mlango mmoja wa kuandika kwenye jedwali.

Nikurudishe nyuma kidogo, maana jibu liko huko. Kabla ya 1993 anwani zilitolewa kwa saizi tatu tu: daraja A yenye zaidi ya milioni 16, daraja B yenye 65,536, na daraja C yenye 256. Ndiyo maana mpaka leo Apple peke yake ina 17 nzima, anwani milioni 16 na ushee, na bara letu zima kupitia AFRINIC lina takribani milioni 120. Taasisi yenye kompyuta 2,000 ilikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Ichukue B na kuacha zaidi ya anwani 63,000 zikilala bure, au ichukue C nane na kuzitia ruta za dunia mistari minane. Yaani ukihifadhi anwani unanenepesha jedwali. Ukikondesha jedwali unatupa anwani. Mvutano huo haujaisha hadi leo, na wewe umeukuta Arua.

Mwaka 1993 ikaja CIDR. Madaraja yakafutwa, kitalu kikawa cha ukubwa wowote, na utaratibu ukawa huu: muuzaji mkubwa apewe kitalu kikubwa, awamegee wateja wake ndani yake, na nje atangaze mstari mmoja tu. Uliokoa intaneti, nami naheshimu sana watu walioufikiria. Lakini soma polepole sehemu inayofuata. Ili mstari ubaki mmoja, mteja akihama ilikuwa lazima aache anwani nyuma. Zile siku 11 ulizokaa juu ya boda ndizo bei ya jedwali fupi. Ruta ya São Paulo ilipumzika, wewe ukalipa. Hakuna aliyeandika gharama hiyo popote, kwa sababu haionekani kwenye kumbukumbu ya ruta yoyote. Inaonekana kwenye miguu ya fundi. Kwa hiyo ukiniuliza kama unamtwika mtu mzigo, nasema ndiyo, mstari mmoja, na umeshabeba wa kwako miaka yote bila kuulizwa.

Sasa nimgeukie ndugu yangu wa Busia, na hapa sitacheka naye. Jedwali halikufika karibu milioni kwa sababu ya watu wa Arua waliopata /24 moja ya halali. Zaidi ya nusu ya mistari ni ya /24, na nyingi kati ya hizo ni vipande vya vitalu vikubwa ambavyo mwenyewe angeweza kuvitangaza kwa mstari mmoja. Mwenye /16 (anwani 65,536) anaweza kutangaza mstari mmoja, na anaweza pia kutangaza 256. Faida ya kukata anaila peke yake. Gharama inabebwa na kila ruta duniani yenye jedwali zima.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Tarehe 12 Agosti 2014, karibu saa tano asubuhi kwa saa zetu, kampuni moja kubwa ya Marekani iliachia kwa bahati mbaya vipande kama 15,000 kwa mkupuo. Jedwali lilikuwa limeshakaribia mistari 500,000. Aina fulani ya ruta, iliyotumika sana wakati ule, ilikuja kutoka kiwandani na nafasi ya mistari 524,288 ya IPv4 katika ile kumbukumbu ya haraka ya kusaka njia. Nafasi ikajaa. Kinachozidi hakikataliwi kwa adabu. Kinaangukia kwenye prosesa ya ruta, ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo, na mashine inaanza kukokota. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa na mbili za aina hiyo. Simu zililia, wateja wanasema tovuti hii inafunguka, ile haifunguki, na sisi tunatazama laini zote zikiwa za kijani. Tulihisi DNS (huduma ya majina ya tovuti), tukahisi kebo ya baharini, tukabadilisha hata moduli ya faiba iliyokuwa nzima. Ilipofika jioni rafiki yangu mmoja wa Nairobi aliniuliza kwa simu: "Umehesabu mistari?" Usiku saa nane tuliongeza nafasi ya IPv4 kwa kupunguza ya IPv6, aina mpya ya anwani, tukazima na kuwasha. Vipande vile viliondolewa muda mfupi tu baada ya kuachiwa, lakini kikomo kilikuwa kimeshajulikana, na kwa wiki kadhaa wenye mashine zile duniani kote walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo usiku.

Tangu hapo siwezi kusema "wana ruta za mamilioni". Wengine wao wanatumia ruta ya mitumba waliyoinunua kwa deni, kama sisi.

Basi ushauri wangu. Omba. Tangu 13 Januari 2020 AFRINIC iko katika awamu ya mwisho ya IPv4: cha chini kabisa ni /24, cha juu /22, yaani anwani 1,024. Kwa wateja 640 eleza hesabu yako vizuri, mnara kwa mnara, uombe unachokihitaji kweli. Anza mapema, kwa kuwa shirika limepitia miaka ya kesi nzito huko Mauritius hadi mahakama ikaliweka chini ya msimamizi mwaka 2023. Ukipata /22, tangaza /22. Mstari mmoja. Katika karatasi hiyo hiyo omba na IPv6. Mtoa huduma anapewa /32, na humo mna vitalu 65,536 vya /48, hivyo unaweza kumpa kila mteja /48 yake. Hutarudi tena kuomba kipande kidogo cha pili na cha tatu, na hilo nalo linapunguza mistari.

Kuhusu MikroTik, usiibebeshe jedwali zima. Una milango miwili tu ya kutokea, hauna haja ya kujua ramani ya dunia ili uchague kati ya miwili. Waambie wauzaji wote wawili wakutumie njia ya jumla, 0.0.0.0/0, na wakikubali, wakuongezee mistari ya mitandao ya Uganda tu, ili trafiki ya Kampala ipite kwa aliye karibu na UIXP. GB 1 itatosha na kubaki.

---

MamaMnara_Arua · Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Asante sana Mzee. Nimesoma mara mbili, na ile ya siku 11 nimeisoma mara tatu.

Nina jambo moja. Laini ya pili itakuwa ndogo: ya kwanza Mbps 800, ya pili 200. Bosi amesikia mahali kwamba ukigawa kitalu nusu kwa nusu, nusu moja ukaitangaza huku na nyingine kule, unaweza kupanga mzigo unavyotaka. Hiyo si ndiyo kukata vipande unakokukataa? Nitaizuiaje laini ndogo isifurike bila kukata?

---

NOC_Nakawa · Jumatano, saa 3:05 asubuhi

Dada, niongezee kidogo kwa vile kazi yangu ni kupokea matangazo ya watu kama ninyi.

Ruta hufuata mstari mwembamba kuliko wote unaolingana, yaani unaotaja anwani chache zaidi. Ukitangaza nusu kwa mmoja tu, laini yake ikikatika nusu hiyo imezama, hata kama mwenzake yuko hewani. Kwa hiyo watu hutangaza na kizima juu ya nusu, na mstari wako mmoja umekuwa mitatu. Njia nyepesi zaidi: tangaza kitalu kizima kwa wote wawili, lakini kwa yule wa Mbps 200 rudia namba yako ya AS mara mbili au tatu ndani ya tangazo. Njia itaonekana ndefu, wengi wataikwepa mpaka siku ya kwanza ikikatika. Kurudia namba hakuongezi mstari hata mmoja kwenye jedwali la mtu. Haitakupa mgawanyo wa vipimo kamili. Baadhi ya trafiki itaingia kwa laini ndogo vilevile, hasa ya wateja wa muuzaji huyo, nawe uwe tayari kwa hilo.

La pili, na hili usilisahau: siku hiyo hiyo utakayopewa kitalu, tengeneza ROA kwenye akaunti yenu ya AFRINIC, inayosema kitalu hiki ni cha AS hii, na ukubwa wa mwisho unaoruhusiwa ni huo huo unaoutangaza. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuifungia YouTube ndani ya nchi, ikatangaza /24 moja. Tangazo likavuja nje. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza /22, na kwa kuwa /24 ni nyembamba zaidi, dunia ikaanza kuipeleka YouTube Pakistan kwa muda wa kama saa mbili. Hakuna aliyedukuliwa; ruta zilifanya tu zilichofundishwa. Ukiacha ROA yako wazi hadi /24 wakati unatangaza /22, umemwachia mlango yeyote atakayeghushi namba yako ya AS. Andikisha na njia yenu kwenye kumbukumbu ya njia ya AFRINIC kabla ya siku ya kuwasha. Wengi wetu hatupokei tangazo ambalo halimo humo, na huwa nasikitika kumwambia fundi aliyekesha usiku mzima kwamba tatizo ni fomu.

---

Mpakani_Busia · Jumatano, saa 3:48 asubuhi

Nimesoma. Sisi tuna /22 na tunatangaza mistari minne ya /24. Nimeingia kwenye ruta sasa hivi kuangalia sababu ni nini, na ukweli ni kwamba ilisetiwa hivyo na fundi aliyetutangulia, wakati tulikuwa na laini mbili. Leo tunayo moja tu. Kukata huko hakufanyi kazi yoyote tena. Jumapili usiku naitoa mistari yote minne, niweke /22 moja mahali pake. NOC, kuna hatari yoyote?

---

NOC_Nakawa · Jumatano, saa 4:02 asubuhi

Hakuna, ukifuata mpangilio. Kwanza tangaza /22 na uhakikishe muuzaji wako anaipitisha nje. Itazame kupitia ruta ya umma iliyoko ng'ambo, si ya kwenu. Subiri nusu saa. Kisha toa vile vidogo, kimoja kimoja. Ukianza na kutoa, mtazima. Na utazame ROA yako kwanza: kama imeandikwa kwa /24 peke yake, /22 itatoka bila ulinzi wowote wa ROA.

---

MzeeWaRuta · Jumatano, saa 7:15 mchana

Ndugu wa Busia, Mungu akubariki. Ukimaliza Jumapili, andika hapa saa uliyotoa. Nitakuwa macho, nitaitazama ikiondoka.

Binti, jibu la NOC ndilo lingekuwa langu. Nakuongezea moja la kibiashara: kabla bosi hajasaini laini ya pili, mwulizeni muuzaji ramani ya faiba yake. Kama naye anapita kwenye mfereji ule ule wa Karuma, greda moja litakata wote wawili, na namba ya AS haitakusaidia kitu.

---

MamaMnara_Arua · Jumatano, saa 1:20 usiku

Hilo la mfereji hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Nimempigia muuzaji wa pili mchana huu. Kasema "njia zetu ni tofauti", nikamwomba ramani, akasema atanitumia Ijumaa. Sitamruhusu bosi asaini kabla sijaiona.

Nimeanza kuhesabu anwani mnara kwa mnara kama ulivyoniagiza, Mzee. Nikiondoa nyumba ambazo zinaweza kuendelea kuchangia, wenye haja ya anwani zao za kudumu ni 71 leo, na nikiweka nafasi ya miaka miwili mbele inafika kama 180. Kwa hiyo nitaomba /24 na si /22, pamoja na /32 ya IPv6. Bosi alinuna kidogo, lakini hesabu ameiona.

Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika nani apewe yake kwanza: shule ya yule mwalimu mkuu, halafu kliniki mbili, halafu SACCO. Yeye bado hajui. Nitamwambia siku ikiwaka.